Kabla ya Nyundo, Kalamu

Sisi walimu tuna ugonjwa mmoja ambao dawa yake tunaigawa kila siku darasani, lakini wenyewe hatuinywi. Mwalimu akipata mkopo wa chama cha ushirika leo, kesho utamkuta dukani akinunua saruji. Jumamosi saruji imefika, Jumapili alasiri fundi ameitwa, na ifikapo Jumatatu jioni msingi umekwisha kuchimbwa. Mwulize mwenzetu huyo ramani ya jengo iko wapi, naye atajigusa kipaji cha uso na kutabasamu. Ramani iko kichwani!

Namjua mwalimu mmoja, mtu wa hisabati tena, aliyejenga banda la gari kwa mtindo huo. Siku lilipokamilika aliliingiza gari lake kwa madaha, akazima injini, kisha akajaribu kushuka. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Ilimbidi arudi kinyumenyume hadi nje ndipo atoke, na tangu siku hiyo gari hulala uani ilhali banda limekuwa makao ya kuku. Nasimulia kisa hiki kwa huzuni zaidi kuliko kwa kicheko. Mtu aliyewafundisha mamia ya watoto kutafuta eneo la mstatili alishindwaje kuchukua utepe wa kupimia na kupima gari lake mwenyewe? Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba tumejizoeza kuamini kuwa vipimo ni vya mtihani, na kwamba kazi ya mikono ni ya mtu mwingine, yule asiyesoma.

Nimelifikiria jambo hili sana katika miezi minne iliyopita, kwa kuwa mimi nami napanga kujenga nyuma ya nyumba yangu. Nataka vitu vitatu: banda la gari, karakana ndogo ya useremala, na jukwaa la mbao mlangoni pa nyuma ambapo jamaa wanaweza kukaa jioni. Hicho cha tatu kimenisumbua hata jina. Baraza ni ya mawe na huwa mbele ya nyumba, mahali pa kupokea wageni. Roshani iko juu ghorofani. Ukumbi una paa. Mwishowe nimeamua kuliita sitaha, neno la mabaharia, kwa sababu sakafu ya mbao inayoinuka juu ya ardhi, yenye maji yanayopita chini yake, inafanana na ya jahazi kuliko kitu kingine chochote. Mwenye neno bora na anitumie.

Huenda msomaji akauliza, karakana ya nini kwa mtu wa chaki? Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, wazazi waliombwa wachange ili shule zijengewe karakana na vyumba vya sayansi kimu. Walichanga. Walibeba mawe na mchanga, wakauza mbuzi. Lakini katika shule nyingi kuta zilisimama na vifaa havikufika, na katika mtihani wa KCPE ufundi ukawa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtoto aliweza kupata alama zote juu ya randa pasipo kuishika randa maishani mwake. Masomo hayo yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, karakana nyingi nilizozitembelea zilikuwa maghala ya madawati mabovu. Sasa tuna mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, na tangu mwaka 2023 wanafunzi wa sekondari msingi wana somo la matayarisho ya ufundi. Nalipongeza. Hata hivyo, walimu wengi ninaowajua wanaolifundisha ni mazao ya ule mtihani wa kuchagua jibu. Ikiwa mwalimu hana pa kushikia msumeno shuleni, basi na apatengeneze nyumbani, na watoto wake wa kike na wa kiume wamwone akipima, akikosea kipimo kwenye karatasi ambako kosa halina gharama, na kufuta.

Tuanze na ardhi. Ploti yangu ni ile ya kawaida ya futi 50 kwa 100, ambayo mawakala huiita thumuni ya ekari. Hiyo si thumuni kamili. Ekari ina futi za mraba 43,560, thumuni yake ni 5,445, ilhali 50 mara 100 ni 5,000. Anayeanza mradi kwa kuamini jina badala ya kipimo amekwisha kupoteza futi 445 za mraba kabla ya kushika jembe. Hivyo nilipima mwenyewe, nikachora ploti kwenye karatasi ya miraba, kila sentimita ikisimama badala ya mita moja. Juu ya mchoro huo niliweka kwanza vitu visivyoonekana: bomba la maji taka, tangi lake, bomba la maji safi. Hivyo ndivyo wajenzi wengi hukumbana navyo kwa sururu, siku ambayo vibarua watano wamekwisha kulipwa. Aidha, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yataka ruhusa ya kaunti kabla ya kujenga, na ombi hilo huambatishwa na michoro. Watu huiona ruhusa hiyo kuwa usumbufu tu. Mimi nimeiona kama mwalimu mkali anayetulazimisha tufanye zoezi tulilokuwa tukilikwepa.

Nilipotafuta vielelezo, nilipata vitabu vya kigeni vyenye picha za kupendeza. Vingi vimeandikwa Marekani na Uingereza, na ni vya manufaa, ila havikuandikiwa Nyanda za Athi. Kitabu kimoja kinashauri msingi uchimbwe hadi chini ya kina kinachofikiwa na jalidi wakati wa baridi. Kwetu hakuna ardhi inayoganda. Tunayo, badala yake, ardhi inayopumua: udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ukiibeba sakafu juu na kuishusha hadi ivunjike. Dawa yake ni kuuondoa udongo huo mahali pa jengo, kujaza moramu na mawe, kushindilia tabaka baada ya tabaka, ndipo saruji imwagwe. Kitabu kingine chasema sitaha ielekee kusini ili ipate jua. Huko kaskazini ya dunia wanalitafuta jua. Sisi tunalikimbia. Katika nchi hii inayokatwa na ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, lakini jua la saa kumi alasiri hutoka magharibi mwaka mzima, nalo ndilo linalochoma uso wa aliyekaa. Kwa hiyo sitaha yangu itakuwa mashariki ya nyumba, na nyumba yenyewe itaipa kivuli jioni. Madirisha ya karakana yatatazama kaskazini na kusini, mwanga uingie pasipo kumpofusha mtu anayesoma mstari wa penseli juu ya ubao.

Sasa gari. Nililipima, milango ikiwa imefungwa kisha ikiwa wazi. Gari dogo la kubebea mizigo kama Toyota Probox lina urefu wa karibu mita 4.2 na upana wa karibu mita 1.7. Kila upande mlango unadai nafasi ya sentimita 80 hivi ili mtu mzima ashuke bila kujikunja. Jumla ni mita 3.3, kabla ya kufikiria rafu ukutani. Nikachora jengo la mita 6 kwa 6, mita 3.4 zikiwa za gari na zilizobaki za karakana. Niliuona mchoro huo kuwa mzuri sana, nikamwita fundi aje aukague.

Fundi wangu ni mtu wa makamo aliyejifunza kazi chini ya jua kali. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akanywa chai yake, kisha akaniuliza msumeno wa meza utakaa wapi. Nikamwonyesha kona. Akauliza ubao mrefu nitakaopasua una urefu gani. Nikamwambia, mita 4. Akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "mbao haigeuki kona."

Alikuwa na haki. Ubao wa mita 4 unahitaji mita 4 kabla ya meno ya msumeno na mita 4 nyingine baada yake. Hizo ni mita 8 za mstari ulionyooka, na jengo zima lina mita 6. Tulikaa mezani tukaanza upya. Suluhisho lilitoka kwake: meza ya msumeno isimame katikati, sambamba na mlango mpana wa mbele na mlango mwembamba wa nyuma, na iwe na magurudumu. Usiku husukumwa ukutani na gari huingia. Mchana gari hukaa nje na ubao hupita kutoka mlango hadi mlango. Tena, akasema, huo mlango wa nyuma ufungukie sitaha, ili ubao unapotoka uwe juu ya sakafu safi badala ya matopeni, na siku za jua kazi ya msasa ifanyiwe hapo nje, vumbi liende na upepo. Vitu vitatu nilivyokuwa nimevichora mbalimbali, kila kimoja kikigombania ploti, vikaanza kusaidiana. Hata Lamu, katika nyumba kongwe za mawe, upana wa chumba haukuamuliwa na tamaa ya mwenye nyumba. Uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Wajenzi wale waliianza nyumba kutoka kwenye mti.

Jioni ile nilimlipa fundi ujira wa siku nzima. Alishangaa, akauliza kama kweli analipwa kwa kunywa chai. Na huku ndiko kosa letu kubwa kama jamii lilikojificha. Tunamlipa fundi kwa jasho, hatumlipi kwa fikira. Anaitwa shimo likiwa tayari, anaambiwa "jenga hapa", naye, kwa kuwa fikira zake hazina bei, huzificha na kujenga alichoambiwa. Baadaye jengo likitupinga twasema mafundi wa siku hizi hawana akili. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaambia wakubwa kwamba sekta hii isiyo rasmi ina uwezo mkubwa, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa sera uliowahusu wafanyabiashara wadogo na mafundi wa jua kali. Nyaraka ni njema. Lakini katika nyua zetu, fundi bado hukaribishwa kiti baada ya mawe kufika.

Tulijadiliana pia juu ya usawa wa sakafu, na hapa tulibishana. Sakafu ya gari yapaswa kuinama kuelekea mlangoni, sentimita 1 kwa kila mita, ili maji ya mvua yanayodondoka kwenye gari yatoke. Katika mita 6 huo ni mteremko wa sentimita 6. Meza ya seremala, kwa upande mwingine, yataka sakafu iliyonyooka kama maji ya mtungi, la sivyo kila kitu cha mviringo kitabingirika. Nilitaka sakafu yote iiname kidogo, nusu kwa nusu. Fundi akakataa, akisema nusu hiyo haitamfaa yeyote. Tukakubaliana upande wa gari uiname na upande wa karakana uwe sawa, mfereji mwembamba ukipita kati yao.

Binti yangu, aliye sekondari, alipewa kazi ya saruji. Sakafu ya mita 6 kwa 6 yenye unene wa sentimita 10 ni mita 3.6 za ujazo. Kwa kuwa mchanga, kokoto na saruji vikilowa hushikana na kupungua, alizidisha kwa 1.54 kama mafundi wa vitabuni wasemavyo, akapata karibu mita 5.5. Mchanganyiko ni wa 1 kwa 2 kwa 4, yaani sehemu 7, na sehemu moja ni ya saruji. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu mita 0.035. Akapata mifuko 23. Fundi, ambaye hakuwa ameshika kalamu, alikuwa amekwisha kukadiria kwa macho kuwa 24. Walitazamana kwa heshima mpya, na mimi nikanyamaza. Aliulizwa tena: utajuaje kuwa pembe za msingi ni mraba kamili? Fundi alichukua kamba akapima futi 3 upande huu, 4 upande ule, na kuangalia kama kati ya ncha mbili kuna 5. Binti akatamka jina la Pythagoras. Fundi hakuwa amelisikia jina hilo, ingawa ameitumia kanuni yake kwa miaka ishirini na zaidi. Tukahakiki kwa ulalo: mraba wa mita 6 una ulalo wa mita 8 na sentimita 48 na nusu. Kama ulalo mmoja ni mrefu kuliko wa pili, jengo limekaa upogo, na paa litakuja kukudhihirishia.

Paa lenyewe ni la mabati, na halinichukulii maneno mengi, isipokuwa hili. Kila milimita 10 za mvua juu ya mita 36 za mraba ni lita 360 za maji. Katika mji wenye bomba linalokauka siku nne kwa juma, asiyepanga mfereji wa paa na tangi tangu mwanzo anaimwaga mali.

Sitaha ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mbao na ardhi ni maadui, na mchwa ni mjumbe wa ardhi. Nguzo zisizikwe udongoni. Kila moja isimame juu ya kitako cha zege kilichoinuka, ikishikwa na chuma, ili mchwa akipanda aonekane. Mafundi wengi hupaka nguzo oili chafu ya magari. Kwa ua wa ng'ombe sina neno, lakini mahali ambapo mtoto atakaa na kula embe, sikubali. Wala mabaki ya mbao zilizotiwa dawa kiwandani yasitumiwe jikoni kama kuni, maana baadhi ya dawa hizo zina sumu ya aseniki inayotoka na moshi. Mihimili iachane sentimita 40, mbao za unene wa inchi moja zipangwe juu yake na kuachiwa mwanya wa milimita 5 wa kupitishia maji. Mwanya huo ni wa mbao kavu. Mbao tunazouziwa mara nyingi ni mbichi, na ubao mbichi wa inchi 6 ukikauka hupungua upana, na mwanya wako wa milimita 5 ukawa wa kumezea visigino vya viatu. Hivyo mbao zangu zitanunuliwa miezi kadhaa kabla, zipangwe kivulini na vijiti kati yake. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mbao si kitu cha kununua ovyo.

Kuhusu ngazi: sitaha iko sentimita 45 juu ya ardhi, basi ngazi ni tatu, kila moja sentimita 15, bila kuzidiana. Mguu wa binadamu hujifunza kimo cha ngazi ya kwanza na kuitarajia ya pili iwe vivyo hivyo. Tofauti ya sentimita 3 yatosha kumwangusha bibi aliyebeba sinia. Ukingo nao, vijiti vyake visipishane zaidi ya sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite.

Umeme nimeuacha kwa mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, wala sioni aibu. Kazi yangu ilikuwa kumpa orodha ya mashine. Msumeno wa wati 1,500 katika umeme wa volti 240 huvuta ampea 6 na robo ukiwa umetulia, na mara kadhaa ya hizo unapoanza kuzunguka. Mashine hizo zitakuwa na waya wao kutoka kwenye kisanduku kikuu, mbali na ule wa jiko. Na ule waya wa kuunganishia, tunaouacha umeviringika kwenye kibuyu chake huku ukifanya kazi, hupata joto hadi ukayeyuka.

Fedha zikiwa za mshahara, hatutajenga vyote kwa pamoja. Mwaka huu ni msingi, sakafu na nguzo za paa, na mabomba ya kupitishia waya yalazwe kabla ya zege hata kama waya zitakuja mwakani. Kuta na milango zitafuata. Jiriwa, randa na patasi nitazinunua moja moja, kila kazi ikidai chombo chake. Vitako vya nguzo za sitaha vitamwagwa pamoja na sakafu, kwa vile mashine ya kuchanganyia zege itakuwa imekwisha kukodiwa, lakini mbao zitasubiri.

Limebaki jambo moja ambalo mchoro wetu wa nne haujalimaliza. Mahali sitaha inapotakiwa pana mgunga uliokuwapo kabla yetu. Fundi anataka ukatwe, mke wangu hataki kusikia neno hilo. Katika mchoro wa tano, anaouchora binti, mti unabaki na sitaha inauzunguka, mihimili miwili ikikatwa na kuungwa upya kuupisha, na pengo la sentimita 10 likiachwa pande zote za shina kwa kuwa litanenepa. Fundi atakuja Jumamosi kuuona.